Shati la Maosen

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, macho wazi, lakini mwenyewe hayumo. Ukimpa bakuli la uji, anakula. Ukimwambia lala, analala. Ukimwita, "Maosen!", hageuki wala hapepesi macho, kama unabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Alikuwa anabadilisha vigae vya paa la ukumbi wa kutambikia mababu, kazi aliyoifanya tangu ujana wake, boriti ikakatika. Hakuanguka. Bora angeanguka, ningejua pa kupaka dawa! Alining'inia kwa mikono, miguu hewani, ngazi imelala chini, mpaka watu wakatoka kwenye mashamba ya chai kuja kumshusha. Alishuka mzima bila hata mchubuko, na tangu hapo hakusema neno.

Hospitali ya mjini walimpiga picha kichwa na mgongo, wakasema hana kitu. Hana kitu! Nilitoka pale nimefura kwa hasira, nikampeleka moja kwa moja kwa Mzee Tong, mganga wetu wa mitishamba. Yeye aliweka vidole vitatu kwenye mkono wa Maosen, akafumba macho, akasikiliza mapigo kwa muda mrefu.

"Mtu ana hazina tatu," akasema. "Kiini alichozaliwa nacho kipo, kimetulia kwenye figo. Pumzi yake, ile chi, inatembea, ingawa kwa kusuasua. Roho ndiyo haipo. Moyo ni nyumba yake, na mwenye nyumba katoka."

"Nimchemshie dawa gani?"

"Nitakupa ya kutuliza moyo. Lakini dawa haimwiti mtu, binti yangu. Kamwite mwenyewe, na usichelewe. Roho ikizoea kukaa nje, njia ya nyumbani inaisahau."

Kuita tunakujua sote. Unachukua nguo aliyovaa siku aliyoshtuka, haijafuliwa, maana roho inafuata jasho lake. Unakwenda pale pale iliporuka, unaita, unarudi bila kugeuka nyuma. Mlangoni unauliza kama amerudi, na mtu wa damu yake anaitika kutoka ndani, "Amerudi!" Asipoitika, huvuki kizingiti. Ukivuka, umeiacha roho nje.

Mama mkwe amenisema miaka yote kwa uvivu wangu wa kufua. Siku hiyo niliushukuru uvivu wangu. Shati lilikuwa bado kwenye beseni, kavu, na jasho lake lote.

Shida ilikuwa mtu wa kuitika. Binti yetu ana mimba, na mjamzito haruhusiwi hata kusogelea mambo haya. Alibaki mama mkwe.

"Mama, utaitika wewe."

"Siitiki." Alikuwa anakata machipukizi ya mianzi ya chakula cha jioni, wala hakuinua kichwa.

"Ni mwanao huyu!"

"Kwani Maolin hakuwa mwanangu?"

Maolin alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Alikufa kwa homa kabla mimi sijaolewa, na jina lake halikuwa linatajwa nyumbani.

"Baba yao aliita, mimi nikaitika," akasema. "Nikasema amerudi. Kabla hakujakucha tukamfunika shuka. Nilisema uongo mlangoni, wewe, na mtoto wangu akafa. Hilo neno halitoki tena kinywani mwangu."

Nilimhurumia, tena sana. Lakini wangu alikuwa hai pale kwenye kigoda, na sikuwa tayari kumzika akiwa anakula uji.

"Pole, Mama. Mimi naenda. Nikirudi nitasimama mlangoni mpaka uitike."

"Utasimama sana."

"Miguu ni yangu."

Nikaenda. Chini ya lile paa lililotoboka nililinyoosha shati juu, nikaita, "Maosen, twende nyumbani! Huko juu pana baridi, baba, shuka twende!" Mwanzoni niliita chini chini, kwa aibu. Njiani kijana mmoja akapunguza pikipiki.

"Shangazi, shati bei gani?"

"Bei yake huiwezi. Pita!"

Mvua ikaanza. Nililisukuma shati ndani ya koti, kifuani, nikaendelea kuita njia nzima. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimelowa chapachapa.

"Maosen amerudi?"

Nilisikia kisu kikigonga ubao, ko, ko, ko. Nikauliza tena. Kisu kikaendelea. Jirani yetu Hong akaja na mwavuli.

"Mke wa Maosen, ingia bwana, utaugua. Niitikie mimi?"

"Wewe ni damu yake?"

"Aka, mimi wapi!"

"Basi niachie mwavuli uende zako."

Akaniachia. Giza lilianza kuingia na mimi nilianza kuogopa. Niliogopa kweli. Niliona siku zangu zote zilizobaki, mimi na mtu asiyekuwemo, nikimlisha kwa kijiko.

"Mama!" nikapiga kelele. "Hukusema uongo siku ile! Ulikuwa unaomba! Mama gani angesema mwanangu hakurudi? Niombee na mimi wangu!"

Kisu kikanyamaza.

"Maosen amerudi?"

"Amerudi." Sauti ndogo, ya kukwaruza. Kisha kubwa, inatetemeka, "Amerudi! Mwanangu amerudi! Amerudi!" Na kilio juu yake. Mama yule hakulia hata tulipomzika mzee wake.

Nikavuka kizingiti. Maosen alikuwa amesimama. Amemshika mama yake mkono wa nguo, anamwangalia usoni.

"Mama," akasema, sauti imekauka, "nani amerudi?"

"Wewe, mjinga wewe! Ulikuwa wapi?"

Aliangalia juu, kwenye paa letu. Kisha akaniangalia mimi, maji yananitiririka.

"Nilikuwa nimening'inia," akasema. "Nasubiri ngazi. Mikono imechoka. Halafu nikasikia unaniita, nikaachia."

Nililitoa shati kifuani, nikamvisha, nikamfunga kifungo kimoja kimoja. Mama mkwe akajifuta macho, akainama, akalinusa bega.

"Linanuka," akasema. "Usilifue."