Benchi la Nyuma, Chaneli ya Arobaini na Tatu

Sekunde tisa. Ndizo nilizopewa na chaneli ya arobaini na tatu kila Jumapili saa kumi alasiri: kamera inawapita waimbaji wa kwaya yetu ya Rubondo, kambini kwetu wakimbizi, inafika benchi la nyuma, na pale ameketi mume wangu Patient, kofia magotini, midomo ikicheza.

Lilikuwa benchi la waliotengwa. Kanisani kwetu mwimbaji akipatikana na kosa huvuliwa sare, hukaa nyuma miezi mitatu, wala haruhusiwi kuimba. Patient alikuwa amekunywa pombe ya ndizi sokoni. Aliyemshitaki kwa kamati ya kwaya ni mimi.

Jioni ile aliniuliza swali moja tu, kwa Kiswahili cha kwetu Kivu. "Mama Eliane, ulinishitaki kwa Mungu ao kwa batu?"

Nilimjibu kwamba kanuni ni kanuni. Enzi hizo nilizijua kanuni kumshinda mchungaji.

Ilikuwa mwaka 2009. Wiki ya pili ya adhabu yake, kituo kidogo cha televisheni cha Mbarara kilikuja kurekodi kwaya. Mimi nilisimama mstari wa mbele, nimevaa sare ya bluu, natabasamu kama bibi harusi. Adhabu ilipokwisha, Patient alikataa kurudi. Alisema koo limekauka. Miaka miwili baadaye tukamzika. Picha zake zote zilibaki Kivu ya Kusini tulipokimbia mwaka 1996.

Kituo kile kilikuwa na vipindi vichache, basi kilirudia kanda yetu kila Jumapili. Siku moja baada ya mazishi, nikiwa kwa jirani, ndipo nilipoiona ile midomo. Alikuwa anaimba. Walimkataza, naye aliimba, lakini sauti yake ya besi haikusikika kwa sababu sisi wa mbele tulimfunika. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja na virago vyake vyote. Niliuza mbuzi wawili, nikanunua televisheni iliyotumika na betri ya gari, nikafunga antena juu ya mti mrefu na kuielekeza Mbarara.

Jumapili moja ya mwaka 2015 kioo kilijaa chenga. Niligeuza antena mpaka mikono ikauma. Kesho yake nikaenda Kakiika, pale Mbarara, kwenye ofisi ya kituo. Fundi, Munyankore mpole, mwenyeji wa pale, alinivutia kiti kabla sijasema neno, nikajua habari si nzuri.

"Mama, mitambo ya zamani walizima. Hiyo chaneli, mawimbi yake tulirudisha kwa serikali. Wanasema watapatia kampuni za simu."

"Na kanda yetu?"

Akatazama sakafu. "Kanda zilikuwa kidogo, mama. Tulirekodi harusi juu yake."

Nilimshukuru kwa adabu, kisha nikalia njia nzima mpaka kituo cha magari.

Siku hizi simu ya jirani ikilia, nawaza kwamba maneno yake yanapita kwenye mawimbi yale yale, pale alipokuwa ameketi Patient. Binti yetu Eliane ameolewa mbali, kambi ya Kyangwali, kwa hiyo hakuna wa kunicheka. Jumapili saa kumi nawasha televisheni, naziangalia chenga, naimba wimbo wetu tangu mwanzo, peke yangu. Nikifika ubeti wa tatu, pale kamera ilipokuwa ikifika nyuma, nanyamaza sekunde tisa, ili aimbe yeye.