Magoti Yaliyokaa Eda

Usiku wa kuamkia leo niliota magoti yangu yamekaa eda.

Yako ukingoni mwa kitanda, yamejitanda shuka nyeupe kama mimi, yananitazama. Nikayaambia, "Nyanyukeni, twende jikoni."

"Toba!" likasema goti la kulia. "Mwenye eda anakwenda wapi?"

"Tumefiwa," la kushoto likaongeza. "Tangu Bwana Makame aondoke umetulaza hapa. Si ndiyo desturi?"

Mume wangu ndiye aliyekuwa akinisimamia mazoezi ya baridi yabisi kila asubuhi, akinivuta mguu kwa kikoi chake. Alipokufa nilikikunja nikakitia sandukuni, na mazoezi humo humo. Sasa binti yangu Riziki ameapa: eda ikiisha nami siwezi kuinuka mwenyewe, ananihamishia kwake Morogoro. Na nyumba hii tuliijenga wawili.

Mara chumba kikawa hospitali. Yule binti wa mazoezi ya viungo, aliyetufundisha kwamba goti ni bawaba na lisipofunguliwa hushika kutu, anabisha hodi kwenye goti langu. Anayefungua, kwa ndani, ni marehemu. Mkononi ana kopo la mafuta ya nazi.

"Bi Kheri," anasema, "humu kutu mpaka darini. Unafuga misumari?"

"Mume wangu, nimekaa eda."

"Yako naijua. Haya magoti nani kayaoa? Mimi nilikuoa wewe, yenyewe yakaja tu."

Magoti yakainamisha vichwa kwa aibu.

"Yataniuma," nikasema.

"Yataguna. Yakiguna, nenda nayo polepole; yakilia, pumzika. Umeshasahau? Vuta mguu."

Nikavuta. Bawaba ikalia kwiii, kutu ikamwagika sakafuni. Magoti yakavua shuka, yakaikunja vizuri, yakauliza kama kuna chai.

Nikaamka. Kumekucha, na Riziki yuko mlangoni.

"Mama, nije nikuinue?"

Nikatazama mguu wangu. Kikoi kimezungushwa unyayoni, kimefungwa kwa lile fundo la Makame ambalo mimi sijawahi kuliweza. Sanduku limefungwa vilevile, na ufunguo anao Riziki.

"Acha, mwanangu. Katie chai."

Nikavuta. Goti likaguna. Nikalingoja, nikavuta tena.

Riziki aliporudi na birika alinikuta nimesimama, nimeshika ukuta. Akatazama kikoi, akatazama sanduku. La Morogoro hakulitaja.