Inchi Tatu za Mama Kiarie

Jumatatu asubuhi, kabla Aluoch hajafunua hata cherehani yake, magauni yalianza kurudishwa. La kwanza lililetwa ndani ya mfuko wa unga. La pili lilitupwa mezani bila salamu. Kufika saa nne yalikuwa kumi na moja, yote ya zambarau yenye kola nyeupe, na hakuna hata moja lililokuwa na kosa. Walioyaleta hawakudai yana kosa. Walisema tu hawawezi kuvaa nguo ya fundi aliyemvunja Mama Kiarie mkono.

Aluoch alifura. Ameshona miaka ishirini na sita hapo Kaloleni, katika nyumba ambayo baba yake aliishi akifanya kazi ya reli. Unaweza kumwambia Aluoch kwamba ana mdomo, kwamba anachelewesha kazi, hata kwamba chai yake ni maji ya moto tu, naye atacheka. Lakini umwambie hajui kupima mtu? Afadhali umtukane, kisha ukimbie.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Akina mama wa kanisa moja la Buruburu walikuwa na sherehe ya kikundi chao, wakampa magauni arobaini ayashone kwa wiki tatu. Thelathini na tisa walikuja kupimwa. Wa arobaini alikuwa Mama Kiarie, jina lake Wacuka, karani mstaafu mwenye miaka sabini na miwili na sauti ya kuita watu ofisini. Huyo alipiga simu, akimwita Aluoch kwa jina la mwanawe.

"Mama Austine, mgongo unaniuma, siwezi kufika huko. Si uko na vipimo vyangu vya zamani? Tumia hivyo."

Aluoch, kazi ikiwa imemfika shingoni, akatumia hivyo. Jumapili ya sherehe, akipanda ngazi za kanisa, ngazi tatu tu wala si mlima, Mama Kiarie alikanyaga upindo wa mbele wa gauni lake. Akaangukia kiganja. Mkono ukavunjika hapo karibu na kiganja, na kabla hajafikishwa hospitali Buruburu nzima ilikuwa imeshajua ni fundi gani alishona lile gauni.

Saa tano Kiarie mwenyewe akatokea mlangoni, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, funguo za gari mkononi.

"Wewe ndiye Aluoch?"

"Ni mimi. Karibu ndani."

"Sikaribii. Hiyo nguo yako imeangusha mathe. Ulikuwa unashonea nani hiyo kitu, ama ulikuwa umelewa?"

"Mimi sijui ladha ya pombe, kijana. Mama yako alikataa kuja kupimwa."

"Umemshonea miaka kumi na mbili! Mtu wa miaka sabini na mbili bado anabadilika urefu? Ati anakua?"

Jibu lilimfika Aluoch kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Alikuwa nalo kwa maandishi. Kila mteja wake ana ukurasa katika daftari kubwa, na ukurasa wa Mama Kiarie ulisema wazi kwamba mwanamke yule alikuwa akipungua. Kila gauni jipya lilikuwa fupi kuliko lile la kabla yake. Mgongo nao ulikuwa unapinda, na mgongo ukipinda nguo huteremka mbele na kupanda nyuma, hivyo Aluoch akawa anakata mbele kidogo na kuongeza nyuma kidogo ili upindo ukae sawa. Hakuwahi kumwambia. Mama mmoja aliyemfundisha ushonaji alikuwa akisema: mteja mzee akipungua, punguza kitambaa, usimpunguze mteja. Hiyo ndiyo adabu ya kazi, na Aluoch aliishika kwa mikono miwili.

Sasa adabu ile ilikuwa inamtoa sokoni. Siku tatu alilala na hasira, akaamka nayo, akaichovya kwenye chai. Alhamisi, siku ya mkutano wa akina mama, alivaa utepe wa kupimia shingoni, akabeba daftari kwapani, akaenda Buruburu bila kualikwa.

Walikuwa wameketi kwenye ukumbi wa kanisa, Mama Kiarie mbele kabisa, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni.

"Sikuja kuomba msamaha," Aluoch alisema. "Mmenitangaza hapa, nitajisafisha hapa." Akafungua daftari. "Mama Kiarie, bega mpaka kifundo cha mguu. Mwaka wa elfu mbili kumi na mbili, inchi hamsini na moja. Kumi na sita, hamsini na nusu. Kumi na tisa, hamsini. Ishirini na mbili, arobaini na tisa. Gauni alilovaa Jumapili ni la hiyo arobaini na tisa, kwa sababu aliniambia mwenyewe kwa simu nitumie vipimo vya zamani. Sasa asimame nimpime."

"Siwezi kupimwa mbele ya watu kama mtoto wa nasari!"

"Kunisema ulinisema mbele ya watu."

Mama Kiarie alisimama kwa ukaidi tu, kidevu juu. Aluoch aliunyoosha utepe kutoka begani, akapiga goti moja, akasoma, kisha akawaita wawili waje wasome wenyewe. Arobaini na nane.

"Nguo haijarefuka," Aluoch alisema, na sauti yake ilikuwa na raha mbaya. "Yeye ndiye amekuwa mfupi. Inchi tatu nzima."

Mtu wa nyuma alicheka. Mama Kiarie aliinamisha uso, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. Aluoch aliona, na hakujali. Ushindi ulikuwa mtamu mno.

Aliyeharibu utamu huo ni Jacklyne, muuguzi, mmoja wao. Alikuwa ameshainuka.

"Hebu nyamazeni. Inchi tatu? Mama Kiarie, huo mgongo umeanza kukuuma lini?"

"Huu ni mwaka wa tano."

"Na kliniki wanakuambia nini?"

"Wananiambia ni uzee. Wananipa dawa ya maumivu."

"Walikupima urefu?"

"Wanauliza tu. Nawaambia ule wa kwa kadi yangu ya zamani, wanaandika."

"Miaka mitano wanaandika!" Jacklyne alipandisha sauti mpaka waliokuwa wanacheka wakakoma. "Mtu akianguka tu kutoka alipokuwa amesimama, mkono haufai kuvunjika hivyo kama njiti. Hiyo si gauni. Hiyo ni mifupa, inaliwa kutoka ndani. Kesho nakupeleka ikapimwe, na nisisikie mtu tena akitaja fundi hapa."

Basi Aluoch akasafika. Wiki iliyofuata wenye magauni walikuja kuyachukua mmoja mmoja, wakizungumzia mvua. Wawili waliomba msamaha. Aluoch aliwapokea wote kwa maneno machache, akajiambia bado anamdai mmoja, naye ndiye mwenyewe. Mama Kiarie aje hapa, asimame hapa, aseme pole.

Akaja Jumanne ya wiki iliyofuatia hiyo. Kiarie alimshusha mlangoni akabaki kwenye gari. Mama Kiarie aliingia polepole, akakataa kiti, akaweka karatasi mezani kwa mkono wake mzima.

"Nimepimwa," alisema. "Unalala kitandani na nguo zako, mkono wa mashine unapita juu ya nyonga na mgongo. Husikii chochote. Dakika kumi imekwisha. Miaka mitano ya kumeza dawa za maumivu, na ilitaka dakika kumi."

"Wamesema nini?"

"Osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika. Alama ya mifupa yako ikifika toa mbili nukta tano kwenda chini, tayari unao. Mimi mgongo ni toa tatu nukta mbili. Pingili mbili zimebonyea. Ile moja daktari anasema ni ya zamani, imebonyea kitambo nikitembea nayo."

"Pole sana, Mama Kiarie."

"Fungua daftari yako."

Aluoch alifungua, akidhani anataka kujua lile gauni litakatwa vipi.

"Elfu mbili kumi na tisa. Hapo kando umeandika nini? Nisomee, miwani nimeiacha."

Aluoch aliangalia maandishi yake mwenyewe ya penseli. "Mbele punguza inchi moja. Mgongo umeanza kupinda."

"Mwezi gani?"

"Wa nane."

"Mimi mgongo ulianza kuniuma mwaka uliofuata." Mama Kiarie hakupaza ile sauti ya ofisini. Ingekuwa afadhali angeipaza. "Wewe ulijua kabla yangu."

"Sikujua ni ugonjwa, mama. Nilifikiri ni uzee."

"Kama wale wa kliniki."

"Nilikuwa nakuheshimu! Nitamwambiaje mtu mkubwa kwangu kwamba anapinda?"

"Wale wa kliniki ni wajinga kwa sababu hawakunipima. Wewe ulinipima, Aluoch. Mara nne, kwa mkono wako, ukaandika. Daktari anasema kuna dawa, ya kila wiki, kama ningeanza mapema labda hizi pingili zingekuwa zimesimama. Labda. Hakuna anayeweza kuniambia sasa. Uliniona nikiisha, ukakunja kitambaa vizuri nisione."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya anayeficha maradhi ya mwenzake kwa adabu. Aluoch aliitafuta hasira yake, ile iliyokuwa karibu naye wiki mbili nzima, ili apate pa kushika, na hakuipata. Mama Kiarie alikunja karatasi yake, akatoka. Neno pole, lile ambalo Aluoch alikuwa akilingojea, halikutajwa, na sasa alijua halikuwa lake kulidai.

Aliketi bila kushona mpaka adhuhuri. Mama Jackton, jirani wa upande wa pili wa ukumbi wa mtaa, ndiye aliyemwamsha kwa hodi. Miaka sitini na tisa, mcheshi, na kitambaa cha kijani kwa ajili ya arusi ya mjukuu. Aluoch alimpima kama kawaida huku mwenzake akipiga domo. Arobaini na saba. Alifungua ukurasa wake. Mara ya mwisho ilikuwa arobaini na nane na nusu.

Penseli ilikuwa tayari kwenye karatasi. Mbele punguza.

Akaiweka chini.

"Mama Jackton, umepungua inchi moja na nusu. Na mgongo unapinda. Nenda upimwe mifupa."

"Nimekuja kushonewa nguo, unaniita kibyongo?"

"Sijakuita hivyo. Nasema upimwe."

"Nimezeeka, sijaisha! Watu walisema una mdomo, nikabisha. Lete kitambaa changu."

Alikinyakua mezani akatoka, akikata kona ya ukumbi kwa hatua za hasira. Aluoch alisimama mlangoni. Majirani walikuwa wameshatoa vichwa nje.

"Peleka hicho kitambaa kwa fundi yeyote unayemtaka!" alipiga kelele. "Lakini mgongo upeleke hospitali! Inchi moja na nusu, Mama Jackton! Wakikuuliza urefu, usiwajibu! Waambie wakupime!"

Mama Jackton hakugeuka. Aluoch akaacha mlango wazi, cherehani bila mtu, akamkimbilia.