Askari Gani

"Askari gani?" Edith aliuliza kwenye simu. "Maureen, askari gani?"

Nilikuwa jikoni Azaiba, huku Uarabuni, nakaanga vitunguu. Edith ni mchunguzi wa bodi ya raia inayowachunguza polisi kule Kenya. Mimi ndiye shahidi pekee wa kifo cha kaka yangu, Fidel.

"Yule aliyempiga risasi," nikasema. "Polisi!"

"Kwenye sauti uliyotutumia umesema askari, mara saba. Huku askari ni mlinzi wa geti. Walinzi si kazi yetu, na kamati imeamua faili ifungwe leo saa kumi."

Miaka mitatu nimefanya kazi kwa Bi Balqis, mzaliwa wa Unguja. Kwake polisi ni askari, basi. Neno lake lilinihamia kinywani bila hodi.

"Si uandike polisi?"

"Siruhusiwi kubadilisha. Utoe taarifa upya kwa video, pasipoti mkononi. Nakala haikubaliki. Umebakiwa na saa moja, dada."

Nikakimbilia sebuleni. "Madam, naomba pasipoti yangu. Dakika tano tu."

"Ya nini saa hizi? Wataka kuruka?" Bi Balqis akacheka. "Ipo kwenye kabati la mume wangu, ofisini Rusayl. Ufunguo anao mwenyewe."

"Mpigie, tafadhali."

"Yumo ndegeni, mwanangu, anakwenda Salala. Nna uwezo gani mie?"

Nikarudi jikoni, nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikatazama kamera. Polisi, nikasema. Polisi alimpiga Fidel. Alikuwa polisi, na sare, na namba begani. Nikalirudia mpaka likawa halina ladha.

"Nakusikia," Edith akasema polepole. "Lakini bila pasipoti siwezi kuandika kwamba ni wewe."

Hakukata simu. Tulikaa tukitazamana mpaka saa kumi ya Kenya ilipofika. "Pole, dada," akasema, na uso wake ukatoweka.

Bi Balqis alifuata harufu ya kuungua, akanikuta nimekaa sakafuni.

"We! Machozi haya si ya vitunguu. Nani kakufia?"

"Kaka yangu. Kabla sijaja huku. Aliuawa."

"Ya Rabbi! Kauliwa na nani?"

Nikafungua mdomo niseme neno langu. Likatoka lake.

"Askari."

Bi Balqis akashika kifua. Hakuuliza askari gani.