Kifyatulio cha Tatu cha Verlin

Shemeji yangu Verlin Stukey hakuwahi kukosa shabaha hata siku moja. Aliyekosa ni bunduki. Yeye alikuwa ameishika tu.

Ni bunduki ya nusu-otomatiki, ile ile waliyonayo nusu ya watu wa kaunti yetu hapa Wyoming, na wengi wao wanatoboa karatasi za shabaha bila kugombana nayo. Verlin yeye aligundua kosa: kifyatulio. Cha kiwandani, alisema, ni kizito na kinakwaruza; kidole kinavuta mpaka unasahau ulikuwa unalenga nini.

Akanunua chepesi zaidi. Karatasi zikabaki nzima. Akanunua cha pili, kinachovutwa kwa hatua mbili, laini kama siagi. Karatasi hazikujali. Majira ya kiangazi akaja kwangu kula, cha tatu kikiwa mfukoni.

"Hiki wanatumia mabingwa," akaniambia huku akijipakulia viazi. "Ukikipulizia tu, kinaachia."

"Mkeo anajua?"

"Twila anajua nimenunua skrubu."

"Basi kipeleke kwa fundi akufungie, shemeji."

"Fundi wa nini? Nimetazama video mbili."

"Zote mpaka mwisho?"

"Ile fupi, ndiyo."

Jumamosi tukaenda kwenye mashindano ya klabu. Msimamizi wa uwanja alikuwa Orpha Lindahl, muuguzi mstaafu, mama asiyependa kurudia neno. Akaruhusu tujaze risasi. Verlin akasukuma magazini, kile kikasha cha risasi, ndani, akaachia bolti irudi mbele kuingiza risasi ya kwanza, na bunduki ikalia papo hapo. Risasi ikachimba udongo hatua kumi mbele yetu.

"Acheni! Wote! Wekeni chini!" Orpha akapiga kelele.

Verlin akaiweka chini, akainua mikono yote miwili. "Sikugusa, Orpha. Naapa sikugusa."

"Najua hukugusa. Hilo ndilo linalonitisha."

Orpha akatoa risasi zote, akaifungua bunduki mezani. Pini moja ilikuwa imeingia nusu, na skrubu ya kupunguza uzito wa kifyatulio imekazwa mpaka mwisho wake.

"Umekifunga mwenyewe?"

Bingwa wetu akaanza kueleza habari za video.

"Mtutu ulikuwa unaelekea mbele," Orpha akasema. "Ndilo jambo pekee ulilofanya sawa leo."

Nilidhani atamfukuza. Mashindano yalipokwisha, akamwita, akampa bunduki yake mwenyewe, ya aina ile ile, yenye kifyatulio cha kiwandani. Magazini akaijaza yeye, ametupa mgongo.

Verlin akapiga ya kwanza. Karatasi ikasalimika, kama kawaida. Akavuta mara ya pili: *tik*. Haikulia. Lakini mtutu ulizama chini kama kuku anayedonoa, na Verlin alikuwa ameuma meno, macho yote mawili yamefumbwa. Orpha alikuwa amechanganya risasi za bandia, zisizolipuka, na zile za kweli.

"Umeona?" akamuuliza.

"Sijaona kitu."

"Utaonaje na umefumba macho?"

Tukacheka, mimi wa kwanza. Verlin hakucheka. Akauliza polepole, "Tangu lini?"

"Tangu nikujue. Unaogopa mlio, Verlin. Watu wengi wanaogopa. Lakini dukani hawauzi dawa yake, ndiyo maana hukuitafuta."

Niliona masikio yake yakiwa mekundu. Nikatarajia atajibu kitu kuhusu upepo, au jua, au chapa ya risasi. Akasema, "Nifundishe."

Kifyatulio cha kiwandani kikarudishwa kwenye bunduki ya Verlin, safari hii na fundi. Kila Jumanne mchana Verlin alikwenda kwa Orpha kuvuta bunduki tupu, *tik*, *tik*, mpaka mtutu ukaacha kudonoa. Kwenye mashindano ya mwezi wa kumi akawa wa kumi na moja kati ya watu kumi na wanne, mimi wa kumi na tatu, na Twila akabandika matokeo kwenye friji kana kwamba mume wake ameteka mji.

Juzi Verlin akanialika niende naye Jumanne. Orpha, anasema, ana risasi za bandia za kutosha watu wawili.

Nikamwambia mgongo unaniuma.