Mkasi Juu ya Mistari ya Noti

Wewe unayesoma, usijifanye hukuwepo. Ulikuwa safu ya nyuma, umeinamisha kichwa, unakwangua doa lisilokuwepo kwenye nguo yako. Ulimwona Shangazi Kinanda akiaibishwa mbele ya kwaya nzima, ukageukia dirishani.

Na sababu yako inajulikana. Kwaya ile ilikuwa na sheria: anayeuliza swali wakati wa mazoezi anaosha vikombe vyote vya chai. Basi watu wakajifunza kutikisa vichwa. Ujinga ukafugwa kama kuku, ukataga, ukaatamia.

Shangazi Kinanda alianza kupiga kinanda pale mwenyekiti wa sasa, mtoto wa kaka yake, akiwa bado anafungwa nepi. Mtoto amekua, kapata programu ya kuandikia noti, na mkono haumtulii. Ile mistari mitano ya noti akaikondesha mpaka ikawa kama nywele za kichanga. Zile herufi za juu ya mistari, zinazomwambia mpiga kinanda ashike sauti zipi, akazitafutia fonti, yaani mtindo wa maandishi, yenye mikia na vishungi. Akachapisha karatasi kwenye kompyuta ya ofisini, akazigawa, akatangaza:

"Asiyeweza kusoma hizi, apumzike. Programu yenyewe inajua kupiga."

Alisema na wote, ila macho yalitua kwa shangazi yake.

Shangazi akaitazama karatasi. Pale juu, badala ya herufi, palikuwa na mkasi. Kisha simu. Kisha ndege ya abiria. Kisha mkasi tena, huu una saba ndogo ubavuni.

Akamnong'oneza mpiga gitaa, aliyeitwa Kamba Tatu kwa kuwa gitaa lake halikuwahi kuwa na zaidi. "Mwanangu, mkasi ni sauti gani?"

"Shangazi, usiniponze. Vidole vyangu bado vinanuka sabuni ya juzi."

"Sasa wewe unapiga nini?"

"Mimi nasubiri simu. Ikifika, naiacha iite."

Potelea mbali, akapiga. Penye mkasi akakata sauti kavu. Penye simu akatetemesha kidole kimoja. Penye ndege akapaa na vidole mpaka funguo zikamwishia. Waimbaji wa sauti ya kwanza wakapaa naye, wakakosa pa kutua. Wale wa besi, waliokatwa katikati ya neno, wakabaki na vinywa wazi kama droo zilizosahauliwa.

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Shangazi, umri nao una haki yake. Kuanzia kesho tutaweka programu hapo."

Shangazi akalitazama benchi lake, lililokwisha bonyea likachukua umbo lake. Akaitazama meza ya vikombe. Akasimama.

"Nauliza, Mwenyekiti. Mkasi wenye saba unashikwaje?"

Watu wakacheka, na wewe ulicheka.

"Mkasi gani? Kwenye kompyuta yangu kila kitu kiko sawa."

"Kompyuta yako hatuipigi, baba. Tunapiga karatasi."

Akamkabidhi. Maskini, hakuwa ameitazama. Fonti yake ya vishungi ilikuwa kwenye kompyuta yake tu. Ile ya ofisini haikuijua, ikajaza kwa vipicha ilivyokuwa navyo. Mwenyekiti akaigeuza karatasi juu chini, ndege ikaanguka, haikusaidia.

"Sasa... kwa nini kuna ndege hapa?"

Kamba Tatu akakohoa.

"Mwenyekiti, hilo ni swali."

Wakaosha wawili, shangazi anasugua, mwenyekiti anasuuza, mikono ya shati imelowa hadi kwenye viwiko. Kabla ya kikombe cha mwisho kukauka, Shangazi alishapewa ahadi: fonti ya zamani irudi, mistari inenepeshwe, na benchi lisiguswe na mtu.

Wengine wote mliendelea kutikisa vichwa. Na wewe hadi leo umeshika karatasi yenye mkasi, kwenye kwaya yako, kazini kwako, popote ulipo, unasema "sawa, sawa."

Si sawa. Nyoosha mkono, sasa hivi, uulize. Sabuni ipo.