Hakuna Dalili ya Mtoto

Mama Ndoo alishuka ngazi saa tisa mchana, ndoo mbili mikononi na kiuno kinamuuma, akamkuta binti yake amekaa juu ya godoro amekunja miguu, uso umejaa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

"Mama, kuna mtu alikuja kugonga," binti alisema kwa ile sauti yao ya chumbani, sauti isiyovuka mlango. "Sikufungua. Nilizima feni, nikapanda godoroni, nikakaa kimya kabisa. Aligonga weee mpaka akachoka. Mwishowe akasukuma hii karatasi chini ya mlango, akaenda zake."

Mama Ndoo alijifuta mikono kwenye aproni, akaipokea karatasi na kuisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Mkaguzi wa makazi amefika saa nane na dakika kumi. Hakuna aliyefungua. Nje hakuna viatu vya mtoto wala nguo kwenye kamba. Wapangaji wawili waliohojiwa wamesema msafishaji anaishi peke yake. Hakuna dalili ya mtoto.

"Nimefanya vizuri?" binti aliuliza.

Alitamani kumzaba kofi. Alitamani pia kukaa chini kwenye saruji na kulia kama aliyefiwa. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema, na hakudanganya. Mtoto alikuwa amefanya kama alivyofundishwa, na mwalimu wake alikuwa yeye mwenyewe.

Walikuwa wakiishi chini ya ngazi za jengo la ghorofa nane, kwenye stoo iliyopakana na pampu ya maji. Stoo hiyo ilikuwa sehemu ya ujira wa msafishaji, na mkataba ulisema chumba ni cha mtu mmoja, bila wageni, bila familia. Kwa hiyo kwa miaka sita walikuwa mmoja kwenye mkataba na wawili kwenye godoro. Binti alitoka kwenda shule wapangaji wakiwa bado wamelala, na kurudi wakiwa wameketi kula chakula cha mchana. Nguo zake zilianikwa ndani, juu ya bomba la pampu, zikikauka huku zinanuka kutu. Kikohozi alikikohoa ndani ya mto. Shuleni aliandikishwa kwa anwani ya shoga wa mama yake, mfua nguo wa hoteli, kwa sababu anwani ya kweli ingewafikisha barabarani. Akikutana na mtu ngazini, husema ametumwa kuleta kitu. Mama mmoja wa ghorofa ya nne alikuwa na mazoea ya kumwambia Mama Ndoo, "Leo nimemwona yule mgeni wako." Naye Mama Ndoo alikuwa akicheka na kuitikia, eti ndiyo, amepita kunisalimu.

Kazi ya kumficha mtu waliifanya kwa ustadi, na sasa ustadi huo ulikuwa umewageuka.

Miezi mitatu iliyopita Mama Ndoo alikuwa amesimama kwenye ukumbi, viatu vya kuazima vikimbana, akainua mkono wa kulia na kuapa pamoja na watu mia mbili wengine. Alikuwa ameomba uraia kwa miaka kumi na mmoja. Walipiga makofi, wakapewa cheti kila mmoja, na bwana mwenye kipaza sauti akawaambia habari njema nyingine: watoto wenu walio chini ya miaka kumi na minane, mnaoishi nao, wanakuwa raia pamoja nanyi. Jazeni fomu tu. Mama Ndoo alilishika hilo neno "tu" kama zawadi, akalibeba mpaka nyumbani. Alikuwa hajajua kwamba "tu" la serikali lina miguu mirefu kuliko barabara. Fomu aliijaza, akaambiwa mkaguzi atakuja kuhakikisha kwamba mtoto anaishi naye kweli.

Binti alikuwa na miaka kumi na saba. Siku ile mkaguzi alipogonga, zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa afikishe kumi na minane.

Kesho yake, Jumatano, Mama Ndoo aliamka mapema akapiga deki ghorofa zote nane, kisha akakimbilia ofisi ya uraia. Dirisha namba tatu lilikuwa na kijana wa miwani, kikombe cha chai mkononi, na kioo chenye tundu dogo lililowekwa chini sana, hivi kwamba kila anayesema naye lazima ainame.

"Mwanangu," Mama Ndoo alianza, ameinama, "mkaguzi alikuja bila taarifa. Mtoto alikuwemo ndani. Aliogopa kufungua."

"Mimi si mwanao, Mama," afisa alisema bila kuinua macho. "Mwanao ndiye huyo tunayemtafuta hatumwoni."

Waliokuwa nyuma kwenye foleni walicheka. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Mtu aliyesimama saa nne hucheka chochote.

"Mliniambia mtatoa taarifa kwanza."

"Ukaguzi wenye taarifa ni sherehe. Watu wanaazima watoto, Mama. Wanaazima mpaka mabegi ya shule." Alifungua jalada. "Mkataba wako wa nyumba, mtu mmoja. Shule, anwani nyingine kabisa. Majirani hawamjui. Mkaguzi hakumkuta. Asiyekuwapo na lake halipo. Sasa wewe ungekuwa mimi ungeandika nini?"

"Ningemwita huyo mtoto nikamuuliza."

"Mtoto hathibitishi kuwa ni mtoto." Akanywa chai. "Lete barua ya mwenye nyumba. Iseme anaishi na wewe hapo, na tangu lini. Iwe na mhuri. Marekebisho tunapokea Jumanne tu. Anayefuata!"

Mama Ndoo alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, akihesabu. Jumanne zitakuwa zimebaki siku kumi na mbili. Zinatosha, alijiambia. Kama barua itapatikana, zinatosha.

Meneja wa jengo alikuwa na ofisi karibu na mlango mkubwa, yenye feni mbili na friji ndogo iliyojaa soda ambazo hakuna mtu aliyewahi kuonjeshwa. Kwa miaka sita, kila Jumapili, Mama Ndoo alikuwa akienda kwake kufua mapazia, kusugua mabafu na kuosha gari, bure. Mara ya kwanza Meneja alimwambia "nisaidie kidogo". Hakuwahi kukataa, maana mwenye siri hakatai.

Alimweleza kila kitu akiwa amesimama. Meneja alisikiliza, mikono juu ya tumbo, kisha akatabasamu.

"Kwa hiyo unakuja kuniambia kwamba umenidanganya miaka sita."

"Naomba unisamehe, bosi. Nilikuwa sina pa kumweka."

"Mama Ndoo, mimi si kipofu. Unadhani nilikuwa sijui? Zile Jumapili zako ulidhani ni za nini?"

Miaka sita amemfundisha mtoto kukohoa kwenye mto, na huyu alikuwa anajua! Angeweza kumrushia ndoo ya maji machafu pale pale, na kila tone lingemstahili. Badala yake alisema, "Basi kama ulijua, andika. Ni mistari miwili tu."

"Nikiandika nilijua, wenye jengo wataniuliza kwa nini niliweka watu wawili kwenye stoo isiyo na dirisha. Mamlaka ya majengo nayo itaniuliza. Unga wangu umwagike kwa sababu ya binti yako?" Akavuta karatasi yenye nembo. "Naweza kuandika kwamba nimegundua leo. Lakini nikigundua leo, lazima nikuchukulie hatua leo. Hivyo ndivyo kugundua kulivyo."

"Hatua gani?"

"Unajua hatua gani."

Feni zilikuwa zinazunguka. Juu ya ngazi mtu aliita "Mama Ndoo! Kuna maji huku!" na kwa mara ya kwanza hakuitikia. Aliwaza juu ya stoo ile, joto lake, harufu yake, pampu inayonguruma kila baada ya nusu saa, na akashangaa kujikuta anaipenda. Kisha akamwaza binti yake akiwa kwenye ukumbi, ameinua mkono.

"Andika," alisema. "Lakini andika miaka sita."

"Miaka sita ni kosa kubwa kuliko mwezi mmoja. Hutapata hata kiinua mgongo."

"Andika miaka sita."

Meneja aliandika kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na haraka. Imebainika kwamba mfanyakazi huyu ameishi na binti yake chumbani kwa muda wa miaka sita bila idhini. Kwa hiyo ameachishwa kazi, na anatakiwa kuondoka ndani ya siku tatu. Akagonga mhuri. Mama Ndoo alisema ahsante, na neno lile likamkera kinywani mpaka jioni.

Jumamosi walitoka na godoro, masufuria mawili na begi la vitabu. Walitoka mchana, mlango wa mbele, na wapangaji wakasimama ngazini kuwatazama. Mama wa ghorofa ya nne alishika kifua. "Kumbe ni mwanao! Mbona hukusema?" Mama Ndoo alimjibu kwamba hakuulizwa. Mkaguzi alikuwa amemuuliza mama huyo huyo, lakini hilo aliliacha. Wakaenda kwa yule shoga, ambaye alikuwa na chumba kimoja, mume na watoto watatu, akawapa nafasi ya godoro kati ya kabati na mlango.

Jumanne walikuwa wa kwanza dirishani, mama na binti, nguo zimepigwa pasi. Afisa alisoma barua mara mbili. Akaiinua kuitazama mwangani, akaukwaruza mhuri kwa ukucha.

"Hii ni nzuri," alisema. "Kwa kweli hii ni nzuri sana. Miaka sita, imeandikwa wazi, na mtu mwenyewe ana hasira, kwa hiyo hajahongwa. Nakubali. Mtoto aliishi na wewe."

Mama Ndoo alimshika binti mkono.

"Sasa hivi mnaishi wapi?"

"Kwa rafiki yangu. Kwa muda tu."

"Una mkataba hapo? Umeandikishwa?"

"Tunalala hapo."

"Basi wewe ni mgeni wa mtu, na binti yako naye ni mgeni wa mtu. Sheria inasema mtoto awe anaishi na mzazi kwenye makazi ya mzazi, siku maombi yanapokubaliwa. Wewe huna makazi, Mama. Aliishi na wewe zamani, lakini sasa hakai na wewe, kwa sababu wewe mwenyewe hukai." Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko kicheko cha foleni. "Tafuta nyumba, leta mkataba, tutatuma mkaguzi. Inachukua siku arobaini na tano."

"Zimebaki siku kumi na mbili! Barua hii ndiyo iliyotutoa kwenye nyumba! Wewe ndiye uliyeniambia niilete!"

"Nilikwambia ulete barua. Sikukwambia ufukuzwe."

Binti alisogea kwenye kioo, akainama. "Naomba kuuliza," alinong'ona. "Kama sikupata uraia, si nabaki na kibali changu cha zamani?"

"Sema kwa sauti, dada, sikusikii."

Alirudia. Afisa alifungua ukurasa mwingine na kutikisa kichwa. "Kibali chako kilikuwa cha mtegemezi wa mama. Kimefungwa kwenye kibali chake. Mama alipoapa, chake kilifutwa, kwa sababu raia hahitaji kibali. Chako kikaenda nacho. Huna kibali tangu siku ile."

Mama Ndoo alielewa taratibu, kama mtu anayegundua kwamba maji anayokanyaga yanatoka chumbani kwake. Makofi yale ukumbini. Mkono wake ulioinuliwa. Ni yeye aliyefanya hivi, kwa mkono huo huo.

Afisa alikuwa ameshaingiza mkono kwenye droo. Alisukuma karatasi moja kwenye tundu.

"Fomu ya mwenyeji," alisema. "Raia anayelala nyumba moja na mgeni asiye na kibali lazima atoe taarifa ndani ya siku saba. Usipotoa ni kosa. Nakusaidia, Mama, wengi hawaambiwi. Sasa wewe ni raia, sheria inakuhusu."

"Mgeni gani?"

Afisa alimwelekeza binti kwa ncha ya kalamu.

"Akishaandikwa?"

"Atapangiwa tarehe ya kuondoka."

"Aende wapi? Kule alitoka na miaka mitano, baba yake ameshakufa. Hana hata shangazi!"

"Hiyo si ya dirisha hili." Akaangalia saa. "Kama miwani hukuja nayo, aandike yeye. Naona humu jaladani ana mwandiko mzuri."

Binti alivuta fomu, kwa kuwa alilelewa kutii watu wa madirishani. Aliandika jina la mwenyeji. Aliandika jina la mgeni. Aliandika tarehe ya kuzaliwa, na urefu, na rangi ya macho. Kisha akasimama. Palikuwa na mstari unaouliza uhusiano wa mgeni na mwenyeji, na chini yake visanduku vinne: mpangaji, mfanyakazi wa ndani, rafiki, mwenzi.

"Mtoto hakuna hapa," Mama Ndoo alisema. Alikuwa ameinama mpaka paji la uso linagusa kioo. "Mbona mtoto hamkumweka?"

"Mtoto wa raia hawezi kuwa mgeni, Mama," afisa alisema. "Ndiyo maana hakuwekwa."

Binti alimgeukia mama yake, kalamu ikiwa hewani. "Mama, niweke ipi?"

"Wekeni yoyote iliyo karibu," afisa alisema. "Msiwacheleweshe wenzenu."